Kikombe cha Upande wa Kushoto: Maisha ya Mwinjilisti Bertila Kisamo Mgonja

Wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama wa umoja, majirani, na ninyi nyote mliotoka Houston, Katy na Fort Worth mkaacha kazi zenu mkaja kukaa nasi hapa Garland leo, Bwana Yesu asifiwe. Kwa niaba ya ukoo wa Kisamo na ukoo wa Mgonja, mimi Elimringi Kisamo, niliyezaliwa nikimfuata marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, kazi ambayo ningependa mara mia yeye aifanye kwa ajili yangu, maana yeye ndiye aliyekuwa na sauti ya kusoma, mimi nina sauti ya mnadani. Yote yaliyomo humu shemeji yangu, Mzee Shem, ameyasikia nyumbani kabla ninyi hamjayasikia, na pale nilipotaka kupunguza maneno, yeye mwenyewe ndiye aliyesema yasomwe yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Gonja, katika milima ya Upare, wilaya ambayo leo inaitwa Same, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa Mzee Elieza Kisamo na Mama Nakijwa, ambao wote wametangulia. Mama yetu alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa mtaa ule kubatizwa, na ilipoonekana kwamba wanawake hawaji darasani kwa sababu ya mashamba, yeye ndiye aliyetumwa awafuate huko huko kwenye mifereji, akawafundisha katekisimu wakiwa wameinama, jembe likipanda na amri ya kwanza, likishuka na ya pili, mpaka wakaziweza zote kumi. Wakristo wengi wa zamani wa Gonja waliingia kanisani kwa mdomo wa mwanamke yule, ila mdomo wenyewe ulibaki umekaa kwenye mabenchi ya kushoto, upande wa wanawake.

Ulikuwepo utaratibu ambao wazee waliopo hapa wanaukumbuka. Jumamosi wanawake walipanda madhabahuni peku, na fagio, ndoo na tambara, wakafagia, wakasugua mbao, wakatandika kitambaa cheupe walichokifua na kukinyoosha wao wenyewe, na Jumapili wanawake hao hao hawakuruhusiwa kukanyaga hata ngazi ya kwanza. Bertila akiwa binti mdogo anayebeba ndoo, alimuuliza mama kwa nini mahali ni pao Jumamosi na si pao Jumapili, na mama, ambaye alikuwa na jibu la kila swali la katekisimu, alimtuma akateke maji mengine.

Alisoma shule ya misheni hapo Gonja kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, akaendelea na shule ya kati hadi 1956, na Januari 1958 akapokelewa katika chuo cha Biblia, ambako kwa miaka mitatu alisoma pamoja na wavulana, walimu walewale, vitabu vilevile, mtihani uleule. Siku ya kuhitimu, tarehe 10 Desemba 1960, kila mvulana alikabidhiwa joho na jina la mtaa wa kwenda kuhubiri, na kila msichana alikabidhiwa cherehani. Naona mnacheka, na yeye alikuwa akicheka alipoisimulia, na kusema kweli cherehani ile ilikuwa nzuri, ndiyo iliyotushonea sisi wadogo zake sare za shule, lakini mtu aliyefundishwa kuhubiri miaka mitatu akipewa cherehani anaelewa anachoambiwa. Aliibeba kichwani kutoka kituo cha basi hadi nyumbani, akaanza kazi Jumatatu yake.

Tangu Jumatatu hiyo hadi alipoondoka nchini alikuwa mtumishi wa akina mama, akipanda na kushuka milima ile kwa miguu, akifundisha kusoma, katekisimu, kushona na kulea watoto, akiombea wagonjwa na kuwapatanisha waliogombana, na cheo cha mwinjilisti alikuja kukipata mwaka 1978, wakati wenzake aliohitimu nao walikuwa wachungaji wa miaka mingi. Hakulalamika mbele ya watu. Alisema mchungaji akichelewa, ng'ombe hawalali njaa kama kuna mtu mwingine anayejua malisho yalipo.

Tarehe 24 Agosti 1963 alifunga ndoa na Mwalimu Shem Mgonja, kijana mpole, mwandishi mzuri wa ubaoni, ambaye baba yetu alimpenda kwa sababu hakuwa na maneno mengi, bila kujua kwamba ukimya huo huo ndio ungekuja kutuumiza. Waliishi pamoja miaka arobaini na minne, ndoa ya kweli, yenye mizaha na chai ya saa kumi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Angel, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1966, na Eliakunda, aliyezaliwa mwaka 1969 na kufariki kwa malaria tarehe 19 Aprili 1973, akiwa na miaka minne.

Mazishi ya Eliakunda hayawezi kurukwa. Zilikuwa mvua za masika, daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, mchungaji hakuweza kuvuka, na mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyeshika kitabu cha ibada kaburini, mtu mwema lakini mwenye macho mabovu, akaruka kurasa, akarudia, akapotea kabisa katikati ya ibada. Bertila alikuwa amesimama pale kichwani pa mwanawe, na ibada nzima alikuwa nayo kwa moyo, tangu salamu mpaka udongo kwa udongo, lakini hakuna aliyemgeukia kumwomba aiongoze, na yeye hakuinua sauti. Waliokuwa karibu wanasema midomo yake ilikuwa ikitembea bila kutoa neno, na kwamba alimaliza ibada yake mwenyewe kabla ya yule mzee kupata ukurasa.

Angel alikuja Texas mwaka 1988 kusomea uuguzi, na alipopata kazi Dallas na mtoto wa kwanza aliwaita wazazi, wakafika tarehe 17 Septemba 1994 kwa nia ya kukaa miezi sita, wakakaa miaka kumi na mitatu. Walipanga hapa Garland, shemeji akapata kazi kwenye ghala la maboksi, na dada, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, akaanza kuhudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha, akiwalisha, akiwaimbia nyimbo za Kipare ambazo walizipenda bila kuelewa hata neno. Angel alipomwambia, "Mama, hapa you can't walk everywhere, lazima u-drive," alijibu, "Basi nita-drive," na wale waliopanda gari lake mwaka ule wa kwanza wanajua kwamba wengi wetu tulijifunza kuomba kwa dhati humo.

Aliwakuta Waswahili wametawanyika, Mtanzania huyu hapa, Mkongo yule kule, kila mmoja na zamu yake ya kiwandani na Jumapili yake ya usingizi. Ndipo tarehe 6 Oktoba 1996 alipofungua sebule yake, akasogeza meza ya chakula ukutani, akaitandika kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe, na usharika huu mnaouona leo ukaanzia kwenye meza ile, ambayo Jumatatu ilirudi kukatiwa vitunguu. Walutheri walikuja na liturujia yao, wakiimba kama watu wanaoogopa kumwamsha jirani, na ndugu zetu wa Kongo wakaja na ngoma na machozi, na majirani wakagonga ukuta, na yeye akatoka nje kuwaomba radhi na sahani ya maandazi mkononi. Ni katika siku hizo alipokuja Mama Généreuse wa Uvira, Kongo, ametoka kambi ya wakimbizi na binti yake Christelle, akaanza kumwita marehemu "Mama Pasteur", yaani mama mchungaji, na Mzee Shem kila mara akimsahihisha kwa upole kwamba ni mwinjilisti, na Généreuse kila mara akiitika, "Ndiyo papa," kisha akiendelea vilevile.

Mwaka 1998 Wamarekani wa kanisa hili walitukaribisha tuabudu hapa saa saba mchana, baada ya ibada yao. Hapa pana madhabahu ya kweli, yenye ngazi tatu, kama mnavyoziona. Shemeji yangu alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na Mchungaji Elibariki, aliyekuwa akisoma Houston, akakubali kuja mara moja kwa mwezi kutupa Chakula cha Bwana. Jumapili nyingine zote aliyehubiri alikuwa Bertila, na alihubiri akiwa amesimama chini, hapo karibu na benchi la mbele, Biblia yake ikiwa juu ya kile kinara cha noti za muziki za wanakwaya. Hakuna aliyemwambia asipande. Ngazi hazikuwa na mlinzi, ila zilikuwa zimekuja nasi kutoka nyumbani. Na Jumamosi jioni, waliopita hapa wakati wa usafi walimkuta juu, peku, anatandika kitambaa.

Sasa nafika kwenye siku ya Pasaka, tarehe 15 Aprili 2001. Mimi nilikuwa Houston siku hiyo, nasoma niliyosimuliwa na yeye, na Mchungaji, na shemeji. Watu walikuwa wengi kupita kawaida, na Mchungaji Elibariki, kwa kuona mstari mmoja ungechukua mchana wote, alisema yeye atatoa mkate hapo katikati, kisha watu wagawanyike kwenda kunywa, kikombe cha kulia kikiwa kwa Mzee Florent, mmoja wa wazee wetu wa kanisa, na cha kushoto kikiwa kwa Mwinjilisti Bertila. Alimwita mbele ya wote. Marehemu alipanda ngazi ya kwanza na ya pili, siku ya Jumapili, mwenye viatu, na akapokea kikombe kwa mikono miwili, na aliniambia kwamba wakati ule alimfikiria mama yetu na ndoo zake.

Desturi yetu ni kwamba mwenyekiti wa wazee hushiriki wa kwanza. Mzee Shem alipokea mkate, akasimama pale katikati, na kanisa zima lilikuwa likitazama miguu yake, kisha akaenda kulia. Aliyemfuata akaenda kulia. Watoto ambao Bertila aliwafundisha, akina mama aliowapeleka hospitali kujifungua, vijana aliowatafutia kazi, mmoja baada ya mwingine, wote wakaenda kulia, mstari ukajikunja mpaka mlangoni, na upande wa kushoto palikuwa na mwanamke mmoja na kikombe kilichojaa. Mama Généreuse alikuwa benchi la nyuma, na zamu yake ilipofika alipokea mkate, akamshika Christelle mkono, akavuka mbele ya watu wote, akasema kwa sauti iliyosikika, "Mama Pasteur, unipatie, miye niko na kiu ya hii tangu Uvira." Baada ya hao wawili hakuja mtu mwingine.

Wimbo uliisha. Na mnajua, ninyi Walutheri, kwamba divai iliyokwisha kubarikiwa haimwagwi kwenye sinki wala hairudishwi kwenye chupa, aliyeshika kikombe ndiye anayekimaliza. Basi dada yangu aliingia sakristia, akafunga mlango, akainywa yote peke yake, mwanamke ambaye hakuwahi kuonja hata mbege ya arusi. Jioni ile alinipigia simu, akasema, "Elimringi, leo nimelewa kanisani," akacheka sana, na mimi nikacheka naye, na baadaye nikagundua kwamba upande wa pili wa simu hakukuwa na kicheko tena.

Ili nimtendee haki shemeji yangu, niseme na lililokuwa moyoni mwake, kwa kuwa moyo wa mtu ni msitu. Wiki ile familia kadhaa zilikuwa zimemnong'oneza kwamba mwanamke akipanda madhabahuni wao watahama, na yeye aliona usharika uliozaliwa sebuleni kwake unavunjika mikononi mwake, na alihofia pia, amesema niseme, kuitwa mzee anayeongozwa na mkewe. Alifikiri akienda kulia anaokoa kanisa. Kanisa kweli halikuvunjika. Nyumbani hawakugombana, chakula kilipikwa, chai ya saa kumi ilinywewa, lakini Bertila hakukubali tena kushika kikombe hata Mchungaji alipomwomba, alirudi kwenye kinara chake cha noti na fagio lake la Jumamosi, na jambo lile halikutajwa kati ya mume na mke kwa miaka sita. Kwa maoni yangu miaka sita ni mingi mno kwa watu wanaokula meza moja, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu niliwapenda wote wawili.

Oktoba 2006 alianza kulalamika maumivu ya tumbo na mgongo, akadhani ni kuwainua wazee vitandani, na tarehe 22 Januari 2007, baada ya vipimo huko Houston, aliambiwa ana saratani ya kongosho. Alihamia Pearland, kando ya Houston, kwa Angel, aliyekuwa amehamia huko kwa kazi ya uuguzi, akapata matibabu tangu Februari hadi Julai, akapungua mpaka khanga zikawa zinamzunguka mara mbili, na aliendelea kuwapigia simu wagonjwa wa Garland kuwapa pole ilhali wao walikuwa wanajua nani anastahili pole. Mwezi wa Agosti madaktari walisema hakuna kilichobaki cha kufanya ila kumtuliza maumivu, na akaomba Chakula cha Bwana.

Jumapili tarehe 2 Septemba, saa tisa alasiri, Mchungaji Elibariki alifika Pearland, akaweka mkate na kikombe juu ya kimeza cha dawa, na tulikuwepo Angel, shemeji, Mama Généreuse aliyekuja na basi kutoka Garland, na mimi niliyekuja kutoka Katy. Mchungaji aliyasema maneno ya kuweka wakfu, akamshirikisha mgonjwa kwanza, mkate kidogo uliolowekwa, kisha akamgeukia Mzee Shem na mkate, naye akaupokea, Mchungaji akamgeukia na kikombe, na Mzee Shem akatikisa kichwa. Tulidhani hajisikii vizuri. Alipiga magoti kando ya kitanda, mzee wa miaka sabini na mmoja mwenye goti bovu, akasema, "Mchungaji, mpe yeye. Mimi nitakunywa kwake."

Mchungaji alimpa Bertila kikombe. Mikono yake haikuwa na nguvu tena ya kukibeba, kwa hiyo shemeji aliiweka mikono yake chini ya mikono ya mkewe, wakakiinua pamoja, na Bertila akasema yale maneno yote, polepole, bila kuruka hata moja, damu ya Yesu Kristo iliyomwagika kwa ajili yako. Shemeji alikunywa. Kisha alisema, "Mke wangu, nilikuacha umesimama," na yeye akamjibu, kwa Kipare, maneno ambayo shemeji ameomba yabaki kuwa yake, nasi tunayaheshimu, ila naweza kusema kwamba aliyatamka akitabasamu, na kwamba Mzee Shem alilia mpaka Angel akamwinua. Sisi wengine tulikunywa kwake mmoja mmoja, na kikombe kilipofika mwisho hakikuwa na kitu.

Marehemu aliishi siku nne zaidi, na Alhamisi tarehe 6 Septemba 2007, saa tano asubuhi, wakati Angel anamsuka nywele, alivuta pumzi mara moja kwa nguvu kama mtu aliyetua mzigo, akalala. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Ameacha mume, mtoto mmoja, wajukuu watatu ambao walimjibu Kiingereza kila alichowaambia kwa Kiswahili na bado wakaelewana, na usharika. Amekatazwa mengi katika maisha yake, lakini hakuna aliyeweza kumkataza kutupenda, na sisi tumechelewa sana kumwonyesha kwamba tuliona.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Houston waliomhudumia kwa heshima mpaka mwisho, majirani wa Garland waliogonga ukuta na baadaye wakagonga mlango wakaingia, majirani wa Pearland walioleta chakula hata kabla hatujawajua majina, wafanyakazi wenzake na wazee wa nyumba ya wazee, ambao wawili wao tunawaona hapa kwenye viti vyao vya magurudumu, Wamarekani wenyeji wetu, Mchungaji Elibariki kwa safari zote zile za barabarani, na akina mama wa umoja, ambao jana Jumamosi walipanda madhabahuni kutandika kitambaa na hawakuweza kuondoka, wakakaa hapo juu wakiimba.

Neno la mwisho ni tangazo, nimeagizwa na wazee wa kanisa nilisome. Baada ya mahubiri tutashiriki Chakula cha Bwana, na mistari itakuwa miwili kama Pasaka ile. Kikombe cha kulia atashika Mzee Florent. Kikombe cha kushoto, kile kile alichoshika marehemu, atashika Mama Généreuse. Mzee Shem ameomba ashiriki wa kwanza, kama siku ile, na amesema mtazame miguu yake.

Pumzika kwa amani, dada yangu Bertila, mwana wa Nakijwa, weka chini ndoo na ufagio, leo hutakunywa peke yako.